Sindano za kupunguza unene: gharama haiishii kwenye bei

Mzigo unaotoka Mtwara kwenda Nhica do Rovuma, wilayani Palma, Msumbiji, hauna budi kuvuka mto Ruvuma na kupigwa jua njiani. Kwa vitenge au saruji hilo si neno. Kwa sindano za kupunguza unene, zile zinazochomwa mara moja kwa wiki, linatosha kuharibu mali yote.

Dawa inayotajwa zaidi ni semaglutidi, inayouzwa na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark kwa majina ya Ozempic na Wegovy. Ozempic, ambayo ni ya wagonjwa wa kisukari, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Wegovy, ya kupunguza unene, ilifuata mwaka 2021. Dawa hii huiga homoni ya utumbo, hamu ya kula ikapungua na chakula kikakawia tumboni.

Madhara mengi yanaanzia hapo. Katika utafiti wa watu 1,961 uliochapishwa mwaka 2021, waliochomwa dawa walipungua wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito kwa wiki 68. Hata hivyo, asilimia 44 kati yao walipata kichefuchefu, karibu theluthi moja waliharisha na robo walitapika. Dereva anayetapika kwenye joto la pwani hukaukiwa maji haraka, na figo zinaweza kuumia. Wachache hupata mawe ya nyongo au uvimbe wa kongosho. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni si ya kusubiri mwisho wa safari. Aidha, anayetumia pia insulini au vidonge vya glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari akiwa kwenye usukani. Wajawazito hawatumii kabisa.

Kuhusu fedha, Wegovy ilipoingia sokoni Marekani bei yake ilikuwa takriban dola 1,350 kwa mwezi, yaani zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka. Bei zimeshuka baadaye, lakini hesabu haina mwisho wa karibu: waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha dawa walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza.

Msafirishaji naye ana hesabu yake. Kabla ya kuanza kutumika, kalamu hizi huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ozempic iliyokwisha kuanza kutumika isizidi nyuzi 30, na kabati la mbele la lori lililoegeshwa juani hupita hapo bila shida. Wengine watafikiria boksi la samaki, lakini barafu nayo ni hatari: dawa iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka.

Dawa pia haifuati njia ya bidhaa nyingine. Tanzania na Msumbiji zote zimo SADC, lakini unafuu wa ushuru hauondoi kibali cha mamlaka za dawa, TMDA upande mmoja na ANARME upande wa pili.

Halafu kuna bandia. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic za kughushi zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Nchini Austria, mwaka 2023, watu walilazwa hospitali kwa kushuka sukari na degedege baada ya kuchoma Ozempic iliyoshukiwa kuwa bandia. Wakaguzi walihisi ndani yake mlikuwa na insulini. Anayepewa kalamu bila boksi, au yenye lebo iliyobandikwa juu ya nyingine, asiichome wala asiipakie.