Mtarakwa, Mti wa Wajukuu

Zamani mtarakwa wa Kenya na Tanganyika ulipelekwa Ulaya kuchongwa kalamu za risasi. Je, mwaujua mti huo?

Mtarakwa una ujamaa na msonobari, lakini msonobari tupandao sisi ulitoka Meksiko, na mtarakwa ni mwenyeji wa Afrika. Huota Usambara, Meru na Kilimanjaro, na kusini yetu katika uwanda wa Nyika, Malawi. Hupenda milima yenye ukavu, kimo cha mita 1,000 hadi 3,000. Ufipa yetu imo katika kimo hicho.

Sifa yake ni ugumu wa maisha: mchwa hawauli kwa urahisi, na nguzo yake hudumu ardhini miaka mingi. Kasoro yake ni mwendo, maana hukua polepole sana. Wajerumani walipofungua kiwanda cha mbao Shume, Usambara, magogo yalishushwa kwa kamba ya chuma hadi reli ya Mkumbara. Mti wa miaka mia huanguka kwa saa moja!

Basi tufanyeje? Kwa kuni, panda mkaratusi, mbali na chemchemi. Lakini siku mtoto azaliwapo, mwombe Bwana Miti miche ya mtarakwa. Usipande mmoja: dume ni mbali na jike ni mbali, na jike ndiye azaaye vitunda vya samawati ambavyo ndege hula na kutawanya mbegu. Kisha palilia nyasi kuuzunguka, kwani moto wa kiangazi huua mche upesi.

Wewe hutapasua mbao zake. Mjukuu wako atapasua, naye atakukumbuka.