Pointi ya Mchezaji wa Tisa

Tangu 1998 hadi Januari 2012, timu ya wanaume ya Chuo cha Trinity, mjini Hartford, Marekani, ilishinda mechi 252 mfululizo za skwoshi, mchezo ule wa kupiga mpira ukutani kwa raketi. Mahasimu walinung'unika kwamba kocha Paul Assaiante alivuna asipopanda. Vijana wake wengi walitoka ng'ambo, India, Uswidi na Afrika Kusini, hali wamekwisha kuiva. Lawama hiyo haikosi ukweli, lakini haitoshi.

Mechi ya vyuo huchezwa na watu tisa, kila mmoja na mpinzani wake, na pointi ya yule wa tisa ina uzito ule ule wa pointi ya bingwa. Fainali ya 2009 dhidi ya Princeton iliisha 5-4. Nyota mmoja angefaa nini hapo? Sisi walimu, ambao aghalabu humpalilia mwanafunzi wa kwanza na kumwacha wa mkiani ajipalilie, tungeitafakari hesabu hiyo. Waama, hata Yale walipoukata mfululizo ule mwaka 2012, walishinda kwa 5-4.