Mpiga besi, punguza mzigo uokoe mgongo

KAMA wewe hupiga gitaa la besi katika bendi au kwaya, huenda umezoea kuamka Jumatatu ukijipaka dawa ya kuchua kiunoni. Wengi hulaumu baridi, wengine uzee. Mara nyingi mkosaji ni yule mliyesafiri naye Jumamosi: amplifaya.

Chukua mfano wa harusi kule Boito, katika nchi ya majani chai ya Bomet. Gari likikwama, vyombo hushushwa na kubebwa kwa mikono kwenye kijia chenye utelezi katikati ya michai. Mvua ya huko haibishi hodi. Mguu ukiteleza ilhali umekumbatia sanduku zito, kiuno hujipinda pamoja na mzigo. Hapo misuli huweza kuchanika, au gegedu lililo kati ya pingili za uti wa mgongo likatokeza na kubana mshipa wa fahamu. Maumivu yake hushuka hadi mguuni.

Ni uzito gani tunaouzungumzia? Ampeg SVT, amplifaya ya valvu iliyotoka Marekani mwaka 1969 na ambayo wapiga besi wengi huisifu kwa sauti yake, ina karibu kilo 40 bila spika. Kabati la spika nane za inchi 10 linaloandamana nayo hupita kilo 60. Sasa linganisha na kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kilichorekebishwa mwaka 1991: kilo 23 kwa mtu mmoja. Tena hizo ni pale mzigo ulipo karibu na mwili, na mbebaji hainami wala hajipindi. Kwenye kijia chenye matope, kiwango hicho hushuka.

UZITO SI SAUTI

Utasema, "Lakini nikiiacha valvu, ule utamu wa besi nitautoa wapi?" Swali ni zuri. Valvu ni kichupa cha kioo kinachokuza mkondo wa umeme. Ikisukumwa sana haikati sauti ghafla, bali huiviringa na kuiongezea milio midogo ambayo sikio hupokea kama joto na unene.

Hata hivyo, valvu ndogo ya mwanzoni ina uzito wa gramu chache tu. Kinachokuvunja mgongo ni transfoma za chuma na shaba, sumaku za spika na mbao nene za kabati. Basi punguza hivyo kwanza.

Amplifaya za kisasa za daraja la D huwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa mno, hivyo hazipotezi nguvu nyingi kwa joto. Nyingi zina kilo 2 hadi 4. Tafuta yenye valvu katika hatua ya kwanza, au tumia kikuza sauti kidogo cha valvu mbele yake. Kwa upande wa spika, sumaku ya neodimiamu ni nyepesi kuliko ya kauri yenye nguvu ileile. Kabla ya kuunganisha, hakikisha omu za spika zinakubaliwa na amplifaya yako.

Hatutakudanganya: valvu kubwa zikifanya kazi kwa nguvu zote zina ladha ambayo kidude chepesi hukaribia tu. Lakini ngoma zikianza, wasikilizaji wachache watatambua tofauti. Jaribu pamoja na wenzako kabla ya kuuza ile ya zamani. Na usiifungue mwenyewe. Ndani yake mamia ya volti huweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya.

UKIINUA, INUA HIVI

Kunja magoti, kumbatia mzigo karibu na kifua, na geuka kwa miguu badala ya kiuno. Kilichozidi kilo 23 kibebwe na watu wawili. Mgongo ukishaumia, usilale kitandani wiki nzima. Tembea kidogo kidogo, kwani maumivu mengi ya kiuno hupungua katika wiki chache.

Lakini ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia au kupitisha mkojo, au mguu ukalegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuchelewa kunaweza kuleta ulemavu wa kudumu.

Mkulima wa Boito hatoki kituoni kabla majani yake hayajapimwa kwenye mzani. Nawe fanya vivyo hivyo kabla ya safari ijayo: pima kila sanduku, uandike kilo juu yake kwa rangi. Amplifaya huuzwa dukani. Uti wa mgongo hauuzwi.