Kidonge cha Kamera na Mipaka ya Sumaku

Mgonjwa akiambiwa kesho aje na njaa amezeshwe mpira wenye kamera, mara nyingi kesho hiyo haifiki. Woga huo ndio uliokifungulia soko kidonge chenye kamera kinachoongozwa kwa sumaku kutoka nje ya mwili, na wanaokipigia debe husema kitachukua nafasi ya endoskopi ya kawaida. Nionavyo, kinastahili sifa nyingi kinapochunguza tumbo la chakula la mtu asiye na dalili nzito, na sifa chache mno kinapopelekwa kwenye umio, ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa mnunuzi wa Shanghai tofauti hiyo ni ndogo. Kwa hospitali ya Bomet, Moshi au Mwanza, ndiyo kila kitu.

Kidonge cha kwanza cha kamera kilitangazwa mwaka 2000 katika jarida la Nature na mhandisi wa Israeli, Gavriel Iddan, pamoja na wenzake akiwemo daktari Paul Swain wa London. Marekani ikakiidhinisha mwaka uliofuata. Kilifaulu kwenye utumbo mwembamba kwa sababu huko hakihitaji dereva: utumbo wenyewe hukisukuma, na njia ni finyu kiasi kwamba kamera huona kuta zote inapopita. Tumbo la chakula halina fadhila hiyo. Ni mfuko mpana wenye mikunjo, na kidonge kikidondokea humo hulala chini na kupiga picha za mahali palepale, huku sehemu ya juu ikibaki gizani. Dawa ikawa kutia sumaku ndogo ndani ya kidonge na kukivuta kwa sumaku kubwa iliyo nje. Mgonjwa hufunga kula usiku kucha, asubuhi hunywa dawa ya kuondoa mapovu na maji mengi ili tumbo litanuke, kisha hulala huku mkono wa roboti ukisogeza sumaku juu yake na daktari akiuelekeza kwa usukani mdogo. Lakini sumaku ni bahili: umbali kati ya sumaku mbili ukiongezeka maradufu, nguvu ya kuvutana huweza kushuka hadi karibu sehemu 1 ya 16. Haishangazi kwamba kibali cha Marekani cha mwaka 2020 kwa mfumo wa NaviCam, uliobuniwa China, kiliweka kikomo cha unene wa mgonjwa. Kibali hichohicho kilitaja kuchunguza tumbo la chakula. Umio haukutajwa.

Ushahidi unaotegemewa zaidi ulitoka China mwaka 2016. Wagonjwa 350 katika vituo saba walichunguzwa kwa kidonge, kisha kila mmoja akachunguzwa kwa mpira, na matokeo yakalinganishwa. Kidonge kiliona takriban 90 kati ya kila kasoro 100 zilizoonwa na mpira, na pale ambapo mpira haukuona kitu, nacho kilikubali hivyo mara 95 hivi katika 100. Wagonjwa karibu wote walisema wangechagua kidonge. Msomaji makini atauliza: na hizo kumi zilizopotea? Swali ni la haki, ila nalo lina jibu. Mpira uliofanywa kuwa kipimo cha ukweli nao hupitwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa takriban saratani 11 kati ya 100 za njia ya juu ya chakula hazikuonwa kwenye endoskopi iliyofanywa ndani ya miaka mitatu kabla ya kugunduliwa. Kwa hiyo simlaumu anayesema kidonge kinaona vizuri. Kwenye tumbo la chakula, kinaona.

Taabu huanza baada ya kuona. Kidonge hakina mkono: hakiwezi kuchukua kinyama cha kupeleka maabara, kufunga mshipa unaovuja damu, wala kutoa uvimbe mdogo. Kila kinapoona jambo la kutia shaka, mgonjwa hurudi kumezeshwa mpira uleule alioukimbia. Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 100 wenye kiungulia cha hapa na pale wakimeza kidonge na watano wakaonekana wana kasoro, 95 wameepushwa na mpira, na hiyo ni faida kubwa. Lakini watu 100 waliofikishwa hospitali ya rufaa kwa kushindwa kumeza chakula wakimeza kidonge na 70 wakawa na kasoro, hao 70 wamefanyiwa vipimo viwili, wamelipa mara mbili na wamechelewa. Chombo ni kilekile na ubora wa picha ni uleule. Kilichobadilika ni nani kakimeza.

Na wagonjwa wa kundi hilo la pili ni wengi katika ukanda wetu. Kuanzia Ethiopia, kupitia magharibi mwa Kenya, Kilimanjaro na Malawi, hadi Afrika Kusini, kuna mkanda wa nchi ambamo saratani ya umio imekithiri, na wengi huja hospitali wakati ugali haupiti tena. Chakula kigumu huanza kukwama upana wa umio unaposhuka chini ya milimita 13 hivi. Kidonge chenyewe kina upana wa karibu milimita 12. Kumpa mtu wa namna hiyo kidonge ameze ni kumtafutia balaa, maana kinaweza kunasa palepale penye uvimbe, na hadi kitoke haruhusiwi kuingia kwenye mashine ya MRI.

Atakayetetea kidonge atasema basi kitumike mapema, kwa watu ambao bado wanameza vizuri. Hoja hii ina uzito, hasa kwa kuwa uchunguzi uliofanywa katika eneo la Hospitali ya Tenwek, Bomet, na kuchapishwa mwaka 2016, ulikuta mabadiliko ya awali ya seli za umio kwa takriban mtu 1 kati ya 7 miongoni mwa watu 305 wasio na dalili yoyote. Lakini tuangalie yalivyopatikana: daktari alipitisha mpira, akanyunyiza aidini kwenye ukuta wa umio, seli nzima zikageuka kahawia, na zilizoharibika zikabaki zimepauka, hapo ndipo kinyama kilipochukuliwa. Mabadiliko hayo ni bapa na hafifu, na kwa mwanga wa kawaida ni rahisi kupitwa nayo. Kidonge hakinyunyizi kitu. Isitoshe, mtu akimeza, kidonge huuvuka umio kwa sekunde chache, na sumaku haina muda wa kukizuia. Watafiti wamekifunga uzi ili daktari akipandishe na kukishusha, na ni ubunifu mzuri, ila unatibu mwendo tu.

Kuna hoja nyingine ninayoiheshimu zaidi: mabingwa wa endoskopi ni wachache, na muuguzi aliyefunzwa anaweza kuendesha sumaku huku picha zikisomwa Nairobi au Dar es Salaam. Pia kidonge hutumika mara moja, hivyo hakuna kusafisha mpira kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kwa hospitali yenye wagonjwa wa vidonda vya tumbo, mpango huo unafaa kujaribiwa. Lakini kando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho cha tumbo huharibu ini na kuvimbisha mishipa ya umio, mgonjwa anayetapika damu anahitaji mtu wa kuifunga mishipa hiyo usiku huohuo. Fedha za kununua roboti moja zikielekezwa kufundisha mikono ya kufunga mishipa, nadhani zitaokoa wengi zaidi.

Kwa umio, chombo kinachonivutia ni cha hali ya chini kabisa: sifongo iliyobanwa ndani ya kidonge chenye uzi, iliyoendelezwa Cambridge na kujaribiwa pia kaskazini mwa Iran, ambako saratani hii imeenea kama kwetu. Mtu hukimeza, ganda huyeyuka tumboni, sifongo hutanuka, kisha huvutwa juu ikikwangua seli njia nzima. Haina kamera wala sumaku. Inachohitaji ni mtaalamu wa patholojia wa kuzisoma seli hizo, na katika hospitali nyingi za mikoani ndiye huyohuyo asiyekuwepo.