Nani Alimwita Nani?

Soma sentensi hii: "Mwanafunzi aliyemwita mwalimu amefika." Nani alimwita nani? Huenda umeshajibu kuwa mwanafunzi ndiye aliyeita. Lakini sarufi ya Kiswahili inaruhusu pia kwamba mwalimu ndiye aliyeita, na mwanafunzi akaitikia wito. Maneno ni yale yale, herufi kwa herufi. Kinachoamua ni mazoea ya sikio.

Mwaka 2009 Justine Wells na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti kuhusu mazoea hayo. Watu wazima walisoma, kwa vipindi kadhaa, sentensi nyingi za Kiingereza zenye virejeshi, mfano wa "aliye-" yetu. Kundi jingine lilisoma sentensi ngumu za namna nyingine. Mwishowe kundi la kwanza ndilo lililopata wepesi katika virejeshi vinavyotatiza zaidi. Hawakufundishwa kanuni. Walisoma tu.

Kwa watoto ni hivyo hivyo. Mwaka 1989 Katherine Demuth alionyesha kuwa watoto wa Lesotho hutumia kauli ya kutendwa kabla ya kutimiza miaka 3. Kisotho hakikubali kuuliza "nani amepika?", huuliza "kimepikwa na nani?" Mtoto anaisikia kauli hiyo kutwa nzima, ataachaje kuijua?

Sasa njoo Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama. Mtoto wa hapa amekua na Kinyiramba au Kinyisanzu, pengine akisikia Kitaturu na Kihadzabe kwa majirani. Shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Kidato cha kwanza anakabidhiwa kitabu cha Baiolojia cha Kiingereza. Humo kirejeshi mara nyingi hudondoshwa kabisa, ilhali Kiswahili sanifu hukidai. Mtoto anaweza kujua kila neno la mstari, jani, mmea, chakula, na bado asijue kipi kimetengeneza kipi.

Hapo tunamwandikia msamiati ubaoni, naye anakariri. Naona tunamwonea: alichokosa ni sentensi zenyewe.

Mwalimu, usiishie kwenye orodha ya maneno. Kila kipindi wasomee kwa sauti aya nzima, dakika tano tu, na kesho uirudie. Nawe mzazi, usimnyamazishe bibi anayesimulia hadithi kwa Kinyiramba jioni. Sentensi zake ndefu ndizo za kwanza mtoto kuzizoea.