Picha ya altrasaundi ni safi, mbona damu haikomi?

Wanawake wengi hufika kliniki na picha ya altrasaundi mkononi, wakilalamika: “Daktari, kipimo kinasema niko sawa, lakini bado natoka damu.” Je, inawezekana? Ndiyo.

Hedhi ya kawaida huja kila baada ya siku 24 hadi 38 na haizidi siku nane. Damu ikizidi hapo, ikitoka na mabonge makubwa, katikati ya mzunguko au baada ya tendo la ndoa, si ya kawaida. Aliyekaa miezi 12 bila hedhi kwa sababu ya umri, kisha akaona damu hata tone, asidhani ujana umerudi, awahi hospitali.

Kwa aliye katika umri wa kuzaa, kipimo cha mimba hutangulia. Mimba inayotishia kutoka, au iliyotunga nje ya kizazi, huweza kudhaniwa hedhi iliyovurugika.

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi. Ya juu ya tumbo huhitaji kibofu kilichojaa; ya ukeni huona kwa karibu zaidi na hufanyika ukishakojoa. Huonyesha fayibroidi, mahali zilipo na ukubwa wake, pamoja na unene wa ukuta wa ndani wa kizazi. Kwa aliyekoma hedhi na anatoka damu, ukuta unaozidi milimita 4 huhitaji kuchukuliwa kinyama kikapimwe maabara.

Hata hivyo, kipimo hiki hakioni kila kitu. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake hapa Tanzania, ikiwa changa inaweza isionekane kwenye picha. Ni lazima daktari au muuguzi auangalie mlango wenyewe. Vilevile, picha haionyeshi homoni zilizovurugika, damu isiyoganda vizuri, wala athari za sindano au kipandikizi cha uzazi wa mpango.

Kwa hiyo ukiambiwa picha ni safi, uliza: “Mlango wa kizazi umeangaliwa? Kama si uvimbe, damu inasababishwa na nini?” Usiondoke na dawa ya kukata damu pekee bila kujua chanzo.

Ukilowesha pedi kila saa, ukahisi kizunguzungu au moyo kwenda mbio, usisubiri miadi ya kipimo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.