Samaki Hapangiwi Bae

Kaa kwa duka ya samaki hapa Nai hata lisaa limoja tu, lazima uskie msee akiitisha "dume moja na jike moja, nadai wazae." Muuzaji anatumbukiza neti, anashika wawili wenye wako karibu, doo inatumwa kwa simu, stori imeisha. Wiki haijaisha, mmoja amejificha nyuma ya filta na mapezi yamekuliwa nusu. Mwenyewe anaanza kulaumu maji, dishi, hadi jirani mwenye macho mbaya. Buda, maji haina makosa. Kenye ulibuy ni samaki wawili. Kapo haiuzwangi.

Hii rieng ndio wasee wengi hawajashika. Kwa masiklidi, ile familia ya samaki wenye akili mob na kiburi kuliko akili, bae anachaguliwa na samaki mwenyewe. Wewe kazi yako ni kuleta umati. Chukua watoi sita hadi wanane wa spishi moja, wakiwa bado wadogo, na ka inawezekana wasitoke kwa mathe mmoja. Walee pamoja alafu utulie. Miezi ikisonga utacheki wawili wako kona moja kila saa, wanachimba mchanga, na msee mwingine akisogea anatimuliwa na wote wawili. Hapo ndio kuna kapo. Wale wamebaki watoe haraka, ju kapo ikishashika keja haitakangi majirani, na kwa tanki ya futi mbili hakuna kichochoro cha kuhepa.

Maguppy siwaongelei. Guppy hana drama ya mapenzi: jike anashika mimba, mwezi hivi anamwaga watoi, na hata ukitoa dume kabisa bado atazaa tena na tena ju anaweka mbegu ndani miezi kadhaa. Ni wa kuanzia, sawa. Lakini ka unadai kuona mahusiano, enda Ziwa Tanganyika.

Hilo ziwa ni la majirani: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia ndio wamelizunguka, na kina chake ni karibu mita 1,470. Ndani kuna zaidi ya spishi 200 za siklidi, karibu zote hazipatikani kwengine duniani. Kuna Mbelgiji alikuwa anaitwa Pierre Brichard, alikuwa anawatoa Bujumbura kwenda majuu miaka ya 1970, na mmoja wao akapewa jina lake mwaka 1974: Neolamprologus brichardi. Kwa soko wanamuita Binti Mfalme wa Burundi. Wajerumani wamekuwa wakimzalisha kwa sitingirumu zao miaka na mikaka, na sisi wenye tuko hapa mlangoni bado tunabuy goldfish wa kuweka kwa bakuli. Hii huniuma kiasi.

Huyo Binti Mfalme ana luku safi, mwili wa rangi ya mchanga na mkia umechongeka kama kinubi, lakini maajabu yake ni kwa familia. Kapo ikizaa, watoi wakubwa hawahami. Wanabaki kejani kulinda wadogo zao, kutoa mchanga pangoni na kufukuza adui. Utapata tanki moja ina kizazi cha kwanza, cha pili na cha tatu, wote wanalipa rent kwa kazi. Sasa ukikosea uwashikanishe na spishi ingine kwa hiyo tanki, itakuwa ngori. Ile ukoo yote itamuinukia. Wape lita 100 kwenda juu, mawe ya kutosha, na uwache dunia yao iwe yao.

Ka keja yako ni bedsitta, mimi nitakuelekeza kwa multifasciatus, siklidi mwingine wa Tanganyika. Hawa ni tusamaki tudogo, dume akimaliza kukua ni sentimita nne na kitu, na jike ni mdogo zaidi. Wanaishi ndani ya maganda ya konokono. Kila jike ana ganda lake, dume mmoja anaeza kuwa na majike kadhaa, na wote wanashinda wakihamisha mchanga na mdomo hadi uone umejenga tanki kumbe wao wana ramani yao. Maganda weka mengi kuliko samaki, mara tatu hivi. Yachemshe kwanza, na usitumie yenye bado ina harufu ya nyama. Tanki ya sentimita 60 kwa 30 kwa 30 inawatosha. Hiyo inabeba lita 54, ina maana kilo 54 za maji tupu kabla hujahesabu kioo, mchanga na mawe, so usiiweke kwa meza ya plastiki. Stendi ya chuma wasee wa Kamukunji watakuchomelea saizi yenye unataka.

Kuna binamu yao, Lamprologus callipterus, huyo sikushauri uweke lakini lazima nikupigie stori yake. Dume ana uzito zaidi ya mara 12 ya jike, ju kazi yake ni kubeba maganda na mdomo arundike kwa mtaa wake, na jike lazima aenee ndani. Sasa jamaa akikosa maganda anaenda kuibia dume mwingine, na saa zingine anabeba ganda na jike akiwa bado ndani. Landlord ameibiwa nyumba na mpangaji.

Na usidhani dume ndio mkubwa kila mahali. Kwa Julidochromis marlieri, yule mwenye mistari ka shuka ya draft, jike ndiye mkubwa na ndiye bouncer. Ukiona wawili wametulia kwa ufa wa jiwe, mmoja mrefu mmoja mfupi, usiharakishe kusema yule mrefu ni fathe.

Tuongee maji sasa, ju hapa ndio ndoto nyingi za wasee hudedi. Tanganyika iko na pH ya karibu 9, maji ngumu, na joto la digrii 24 hadi 27. Maji ya mfereji Nai mingi inatoka Ndakaini, ni ya milima ya Aberdare, laini. Ni poa kwa malaika wa Amazon, wale samaki bapa wenye mapezi marefu, lakini mtu wa Tanganyika anadai madini. Weka mchanga wa matumbawe ama mawe ya chokaa chini. Magadi ya kupikia inasaidia pia: kijiko cha chai kwa lita 50 kinapandisha ugumu wa kaboneti digrii kama nne hivi. Fanya polepole, siku kadhaa, ju samaki anavumilia namba mbaya kuliko namba inaruka. Maji ya borehole usiamini kwa macho, ya Nai huwa na floraidi mob, pima kwanza. Na klorini ya mfereji lazima itoke: ama dawa ya duka, ama uweke maji kwa ndoo na pampu ya hewa ikibubujika siku nzima.

Alafu kuna bakteria, na hii hakuna njia ya mkato ya kweli. Samaki anatoa amonia, amonia inaua. Bakteria wa filta wanaigeuza naitraiti, hiyo nayo inaua, alafu wengine wanaigeuza naitreti yenye unatoa kwa kubadilisha maji. Hiyo mbogi ya bakteria inachukua wiki nne hadi sita kujipanga kwa tanki mpya. Ukipata beshte mwenye tanki ya zamani akugawie sponji chafu ya filta, hiyo ni zawadi kushinda samaki. Usiioshe na maji ya mfereji, klorini itawamada wote.

Julai Nai inakuwa baridi, so hita sio mapambo. Stima ikipotea usiku, funika tanki na blanketi na uwe na kapampu ka betri. Wengi hununua hita wakasahau pampu, na hewa ndio hukosekana kwanza.

Watoi wakitokea, kuna ule mzuka wa kuwamwagia dishi. Punguza. Kiini cha yai kilichochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa kinakulika, lakini ukizidisha maji inaoza ndani ya masaa. Artemia waliototolewa freshi ndio dishi ya kifalme, na mayai yake ni ghali, so wasee hufuga vijiminyoo kwa uji wa oti. Wakubwa nao wape viluwiluwi wa mbu, hao ni wa bure, bora uwatoe kwa ndoo kabla hawajaota mabawa na kukuuma wewe.

Kuna pia wale wa kulea kwa mdomo, kama mbuna wa Ziwa Malawi. Hapa hakuna kapo kabisa: dume mmoja na majike watatu ama wanne, ju akiwa na mmoja atamsumbua hadi afe. Jike anaokota mayai yake na mdomo, anadanganywa na madoa ya mayai kwa pezi la dume ili arutubishiwe, alafu anakaa karibu wiki tatu bila kumanga vizuri. Kule Tanganyika kuna kambare, Synodontis multipunctatus, anapenya katikati siklidi wa huko wa kulea kwa mdomo wakizaa na kuangusha mayai yake humo. Watoi wake wanatotoka kwanza, wanakula wa mathe mwenyewe, na mathe anawabeba akidhani ni wake. Hata telenovela haijafika hapo.

Ukitaka kuuza watoi, jua jina na ziwa lao. Mbuna wanachanganyika spishi bila aibu, na mchanganyiko hauwezi kurudishwa. Hii si maringo ya wazungu: kule Ziwa Viktoria, sangara alipoletwa miaka ya 1950, fulu, siklidi wa hilo ziwa, wa spishi nyingi walimezwa hadi wakapotea miaka ya 1980, na kuna wengine wamebaki hai kwa sababu kuna watu waliwaweka kwa tanki safi bila kuwachanganya. Na watoi wakizidi, usiwamwage kwa mto wala dam. Gawia mabeshte, peleka dukani ubadilishe na dishi, ama tenganisha ile kapo na kioo cha kati hadi upate nafasi.